Diski ya kompyuta ya zamani: uitoe mwenyewe, uwashe kwa flashi, umpe fundi au uipeleke maabara?

Nyumba nyingi za hapa Unguja zina kompyuta iliyokufa iliyowekwa chini ya kitanda au juu ya kabati, imefunikwa kipande cha kanga. Haitumiki na haitupwi, kwa sababu kila aliyemo nyumbani anajua kilichobaki ndani. Kwetu ilikuwa ya marehemu baba. Aliinunua mwaka 2005 alipokuwa anasomesha skuli, na humo aliandika nasaba ya ukoo wetu na kuhifadhi sauti ya bibi akisimulia utoto wake wa Makunduchi. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tukawa tunaiwasha kwa jenereta la jirani. Usiku mmoja ikatoa harufu ya kuungua, na haikuwaka tena.

Tangu hapo nimeshatoa mafaili kwenye diski tatu: hiyo ya baba, ya laptopu ya shangazi aliyeko Wete, Pemba, na diski yangu ya nje. Ya nne, ya ami yangu, bado iko mikononi mwangu. Kila moja ilitaka njia yake. Jamaa huniuliza njia ipi ni bora, nami siwezi kuwajibu kabla hawajaniambia diski yao inatoa sauti gani, ni ya mwaka gani, na ndani mna picha za nani. Mambo hayo matatu ndiyo yanayochagua.

Kompyuta kufa si diski kufa

Diski kuu ni kisanduku cha chuma chenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huku kikielea juu ya sahani bila kuigusa. Kioo kikipasuka, betri ikavimba, Windows ikakataa kufunguka, diski inaweza kuwa nzima kabisa. Kompyuta ya baba iliungua pawasaplai tu, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani yake.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Diski ikivuma na kutulia, kazi nyingi utaifanya mwenyewe nyumbani. Ikigonga tk, tk, tk kwa mpigo mmoja usiobadilika, au ikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria, izime hapo hapo wala usijaribu tena. Kichwa kilichoharibika kinaweza kuikwangua sahani kila inapozunguka, na sehemu iliyokwanguliwa hairudishwi na fundi yeyote duniani. Ukiwa na diski ya namna hiyo, ruka moja kwa moja mpaka kwenye habari ya maabara. Diski iliyo kimya kabisa usiihukumu haraka, kwani huenda haijapata umeme wa kuitosha.

Adapta au flashi ya Linux

Hizi ndizo njia mbili za nyumbani, na watu wengi hawahitaji kwenda mbali zaidi. Ya kwanza ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyengine kwa adapta ya USB. Ya pili ni kuiacha diski palepale, ukaiwasha kompyuta ya zamani kwa Linux, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, iliyo kwenye flashi, kisha ukanakili mafaili kwenda diski ya nje.

Kwa baba sikuwa na hiari, maana kompyuta isiyowaka haiwezi kuwashwa kwa flashi. Nilipofungua ubavu wake nilikuta mayai mawili ya mjusi yaliyokauka, vumbi limegandana kwa unyevu, na skrubu nne za diski zimeota kutu kwa hewa ya bahari. Nilitia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, nikaziacha tangu adhuhuri mpaka baada ya sala ya alasiri, ndipo bisibisi ikazungusha. Usiilazimishe skrubu yenye kutu, kwani kichwa chake kikilika utaishia kuigonga diski kwa nyundo.

Kabla hujaenda dukani, itazame diski kwa nyuma. Ukiona safu mbili za sindano nyembamba, 40 kwa jumla, na waya mpana bapa kama utepe, hiyo ni IDE. Diski ndogo ya laptopu ya zama hizo ina sindano 44. Ukiona midomo miwili myembamba yenye umbo la herufi L, mmoja mfupi na mmoja mrefu, hiyo ni SATA, iliyoanza kuingia madukani mwaka 2003 na baada ya miaka michache ikaiondoa IDE. Niliipiga picha diski kwa simu nikaenda nayo sokoni Darajani, kwa sababu mara ya kwanza nilirudi na adapta ya SATA isiyonifaa. Iliyonifaa ina midomo yote mitatu na chaja yake ya ukutani. Kwa bei niliyolipa, haikufika nauli ya boti ya kwenda na kurudi Dar.

Hiyo chaja ndipo wengi wanapokosea. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 pamoja na volti 5, na tundu la USB linatoa volti 5 tu. Ukiiunga diski kubwa kwa waya usio na chaja haitazunguka, na utadhani imekufa. Diski ndogo ya laptopu inatosheka na volti 5, ingawa baadhi hukataa kuwaka kwa tundu moja la USB 2.0, lisilozidi miliampea 500. Jaribu tundu la USB 3.0, linalofika 900. Kwenye diski ya IDE kuna pia kikofia kidogo cha plastiki kinachofunika sindano mbili pembeni ya mdomo. Kibandiko kilicho juu ya diski kinaonyesha pa kukiweka ili diski iwe peke yake au ya kwanza. Cha baba kilikuwa kwenye nafasi ya pili, na mpaka nilipokihamisha kwa kibano cha nyusi, diski haikuonekana.

Ikishaonekana, Windows inaweza kukuuliza kama uifomati ndiyo uitumie. Kataa. Ikitaka kuikagua na kuirekebisha, kataa pia, kwani marekebisho hayo yanaandika juu ya diski. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda, hilo dogo: ni ruhusa za akaunti ya zamani, na ukikubali kuendelea itafunguka. Neno la siri la kuingilia Windows XP, hata ukilisahau, kwa kawaida haliyafungi mafaili yenyewe. Kwenye XP tafuta folda ya Documents and Settings, na kwenye Windows za baadaye tafuta Users. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye jina la baba, na la kwanza kulifungua lilikuwa faili la sauti. Bibi alikohoa, akasema, "Haya, uliza," na nikalazimika kusita kidogo kabla ya kuendelea kunakili.

Laptopu ya shangazi ilikuwa kisa chengine. Ilikuwa ikiwaka, inaonyesha nembo, kisha kioo cha buluu, kisha inaanza upya. Alinipigia simu kutoka Wete.

"Shangazi, isiwashwe tena mpaka nije."

"Haya mwanangu, nimeshaifungia kabatini."

Ilikuwa laptopu nyembamba ambayo ili uifikie diski lazima ung'oe ubao wa vitufe, na sikutaka kuvunja kitu cha mtu. Nikaiandaa flashi ya Linux huku Unguja, nikapanda boti mpaka bandari ya Mkoani na gari mpaka Wete. Unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, mara nyingi F12, F2 au Esc kulingana na aliyeitengeneza laptopu, unachagua flashi, na Linux inafunguka bila kuigusa Windows. Kuna hatari moja tu, nayo ni kubwa: mwanzoni inakuuliza kama unataka kuijaribu au kuisimika. Chagua kujaribu. Ukichagua kuisimika na ukabonyeza kukubali bila kusoma, itaifuta diski uliyokuja kuiokoa.

Ubora wa Linux ni kwamba haijali ruhusa za Windows na haihangaishwi na virusi vyake. Udhaifu wake ni umri wa mashine. Ubuntu, aina ya Linux inayojulikana sana, iliacha kutolewa kwa kompyuta za kawaida za biti 32, yaani zenye prosesa za kizazi cha zamani, mwaka 2017, kwa hiyo mashine nyingi za enzi za XP haziwezi kuiwasha. Kwa hizo tumia Puppy Linux, aina nyengine ambayo ni ndogo na ina toleo la biti 32. Mwendo nao ni wa kutazamwa. Kwa USB 2.0, gigabaiti 40 huchukua nusu saa hivi mambo yakienda vizuri. Kwa USB ya kizazi cha kwanza iliyomo kwenye mashine kongwe, inayopitisha takriban megabaiti moja kwa sekunde, kazi hiyohiyo ni ya saa 11. Na ukinakili video ndefu kwenda kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani, faili lisilopungua gigabaiti 4 litakataliwa. Ifomati hiyo flashi ya kupokelea kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, kabla hujatoka nyumbani.

Kama njia zote mbili zinawezekana, mimi nachagua adapta. Kazi inafanyika kwenye kompyuta ninayoiamini, na kama diski ni ndogo, umeme ukikatika betri ya laptopu yangu inaibeba. Kama laptopu ni ngumu kufunguka, au si yangu, nachagua flashi.

Kwa laptopu za karibuni kwanza hakikisha kama diski imefungwa. Nyingi zilizokuja na Windows 10 au 11 zinaifunga diski kwa BitLocker, kifungo cha siri cha Windows yenyewe, pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huenda hajui. Ukiitoa na kuiunga penginepo utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake. Mwulize barua pepe aliyotumia kabla hujashika bisibisi. MacBook zenye chipu ya ulinzi ya T2, zilizoanza mwaka 2018, hazina diski ya kutoa: kumbukumbu imeunganishwa na bodi na inasomwa na mashine yake tu.

Faili limefutwa, au diski imefomatiwa

Hapa adapta na flashi hazitoshi peke yake, zinahitaji programu ya kuokoa. Diski yangu ya nje ilipokataa kufunguka niliipeleka kwa fundi mmoja. Aliifomati ili "ifanye kazi", akanirudishia ikiwa tupu, na ilifanya kazi kweli. Miaka sita ya picha za wanangu ikawa haionekani. Liliniuma sana, na hadi leo nikimpa mtu kifaa changu namwandikia kwa kalamu juu ya karatasi: usifomati.

Kilichoniokoa ni kwamba alifomati kwa haraka. Fomati ya haraka inachana faharasa na kuziacha kurasa za kitabu mahali pake. Fomati kamili, tangu Windows Vista, inaandika sifuri kila mahali, na hapo hakuna cha kuokoa. Nilitumia PhotoRec, programu ya bure inayozisoma kurasa hizo moja moja na kuzitambua picha kwa alama zake. Ilirudisha nyingi, lakini bila majina wala folda, maelfu ya mafaili yenye namba tu, na kazi ya kuyapanga ilinichukua Ramadhani nzima baada ya tarawehe. Ndugu yake, TestDisk, anafaa pale ambapo mgawanyo wa diski ndio uliopotea na mafaili yenyewe hayajaguswa. Akifanikiwa anakurudishia kila kitu na majina yake, kwa hiyo mjaribu yeye kwanza.

Usiisimike programu kwenye diski hiyohiyo unayoiokoa, wala usihifadhi humo unachokitoa, maana utakuwa unaandika juu ya kile unachokitafuta. Na kama diski inasoma kwa kusuasua, usiipekue kwa saa nyingi. Tengeneza kwanza nakala yake nzima kwa ddrescue, iliyo bure kwenye Linux, kisha PhotoRec ifanye kazi juu ya nakala. Ddrescue inachukua kwanza sehemu rahisi na kuacha ngumu za mwisho, na ukiitajia faili la kuandikia, inaweka daftari la ilipofikia. Umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi asubuhi, inaendelea kutoka palepale. Kwa huku kwetu sijaona programu yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Jambo la SSD, diski ya chipu iliyomo kwenye laptopu nyingi za karibuni, ni tafauti. Hiyo haina sahani, na mfumo ukishaiambia faili limefutwa, yenyewe inaweza kuisafisha nafasi hiyo muda mfupi baadaye. Faili lililofutwa kwenye SSD lina matumaini madogo mno.

Fundi, na stara ya nyumba

Fundi mzuri anakuokolea muda. Ana adapta za kila aina na ameshaona skrubu nyingi zenye kutu kuliko wewe. Kwa diski nzima iliyomo ndani ya kompyuta mbovu, kazi yake ni ndogo na malipo yake huwa ya wastani. Lakini kuna jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko bei.

Laptopu ya shangazi ilikuwa na picha za harusi ya binti yake, na si zile za nje. Zilikuwa za ndani, za wanawake bila mabuibui, nywele wazi, bi harusi akisingwa, wakwe na majirani wakicheza mlango umefungwa. Kila mwanamke aliyemo aliruhusu kupigwa picha kwa kuamini kuwa itabaki kwa wanawake. Kumpa mtu baki diski hiyo ni kumpa kitu ambacho shangazi peke yake hana haki ya kukitoa. Hata mimi, mtoto wa kaka yake, sikuzifungua. Nilinakili folda nzima kwa jina, nikalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili, kisha nikamwita binamu yangu akae yeye kufungua chache na kuhakikisha hazijaharibika. Nilitoka nje mpaka alipomaliza.

Kwa diski ya namna hiyo, njia ya nyumbani ni bora hata kama ni ya polepole. Ikishindikana, tafuta fundi mwanamke. Wasichana wanaosomea kompyuta katika vyuo vyetu ni wengi siku hizi, na baadhi watakuja mpaka nyumbani. Ukilazimika kwenda dukani, kaa hapohapo mpaka kazi iishe, peleka diski yako ya kupokelea, na usikubali mafaili yapitie kwenye kompyuta ya duka "kwa muda". Pakifutwa, PhotoRec ile ile iliyonirudishia mimi picha inaweza kumrudishia na mwengine.

Muulize fundi maswali mawili kabla hujamwachia kitu. Utaanza na nini? Anayejibu kwamba ataanza kwa kutengeneza nakala, mwamini. Anayejibu kwamba ataifomati au ataiwekea Windows mpya, chukua diski yako uondoke. Na la pili: ikiwa inagonga utafanyaje? Anayesema ataifungua hapo mezani aitazame, naye muage.

Maabara

Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi zaidi ya nafasi hiyo. Ndiyo maana diski hufunguliwa ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa, ambako kichwa kilichovunjika kinabadilishwa kwa kilichotolewa kwenye diski nyengine ya aina ileile. Maabara za namna hiyo zipo Nairobi, Dubai na Afrika Kusini, na gharama yake haina ulinganisho na njia zote za juu. Nyingi hutazama kwanza na kukutajia bei, na baadhi hazitozi zikishindwa. Uliza yote mawili kwa maandishi kabla ya kutuma.

Wako watakaokwambia uiweke diski kwenye friza usiku mmoja. Kwa unyevu wa visiwa hivi, ukiitoa tu inatoka jasho kama chupa ya soda, na matone hayo yanaweza kuingia mpaka kwenye sahani. Hata iliyoingia maji ya bahari usiiwashe kuijaribu na usiianike juani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake. Chumvi ikikaukia ndani, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Maabara ni ya kitu kisicho na mbadala. Kwa diski yenye filamu na nyimbo zinazopatikana kwengine nisingetumia shilingi moja. Ya ami yangu ilianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka, na sasa inagonga. Ndani mna picha pekee za mkewe aliyefariki. Ami aliniuliza, "Hatuwezi kujaribu mara moja tu nyumbani?" Nikamjibu kwamba mara moja hiyo ndiyo naiogopa.

Imekaa kwenye mfuko wake wa kuzuia chaji za umeme, imezungushiwa sponji nene kila upande ndani ya kisanduku kigumu, na haijaunganishwa na kitu tangu siku ilipoanguka. Watoto wa ami wanachanga. Pesa zikitimia, mmoja wao ataivusha kwa boti ndani ya mkoba wa mapajani, mbali na rundo la mizigo, na karatasi iliyobandikwa juu inasema: imeanguka, inagonga, isiwashwe.